Sapu mbili, PT kwa mjomba na GPA ya 3.1: digrii ya uhandisi inahesabiwaje?

*“Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa Lindi, nasoma uhandisi mitambo, digrii ya miaka minne, katika chuo kimoja Dar es Salaam. Nimemaliza mwaka wa pili. Semista hii nilikuwa na kozi sita za krediti 10 kila moja: nimepata A moja, B+ mbili, B moja na D mbili. D hizo ni za Hisabati (alama 38) na Thamodainamiki (alama 36), na chuoni kwetu kufaulu ni 40. GPA (wastani wa pointi) ya semista ni 3.0, na ya miaka miwili kwa jumla ni 3.1. Mjomba wangu aliyeko Mtwara anasema GPA ikizidi 2.0 nimefaulu, nisihangaike na sapu (mtihani wa marudio). Rafiki yangu anasema kozi moja mtu anaweza kuibeba hadi akahitimu nayo. Tena PT (mafunzo kwa vitendo) ya wiki nane inaanza Jumatatu na sapu zinafuata mara tu baada yake. Mjomba ana karakana ya mashine za kubangulia korosho na boila ndogo za kuchemshia. Amesema atanigongea mhuri na kunisainia fomu, nibaki nyumbani nisome. Nina krediti za ziada za kozi za hiari, je, haziwezi kufidia? Au nihamie digrii ya sayansi ya miaka mitatu, nimalize haraka? Naogopa kudisko.”*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza tuondoe hofu kubwa: kwa matokeo uliyoyaandika, huko kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo, hakukukabili leo. Mwanafunzi mwenye GPA ya 3.1 na sapu mbili yuko ndani ya njia. Lakini ushauri uliopewa unaweza kukutoa kwenye njia hiyo, na ushauri wa mhuri ndio wa hatari kuliko yote.

Maswali yako yote yanatoka kwenye dhana moja, kwamba digrii ni wastani. Si hivyo. Chuo kinapokaa kuamua nani ahitimu kinatazama vitu viwili, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza ni orodha: kozi zote za lazima, idadi ya kozi za hiari, PT zote, mradi wa mwaka wa mwisho, na jumla ya krediti za programu. Kila mstari wa orodha hiyo lazima uwe umefaulu. Ukibaki mmoja, hata uwe na GPA ya 4.8, jina halisomwi. Orodha ikishakamilika ndipo wanatazama cha pili, yaani GPA, ili kujua umehitimu kwa daraja gani. Kwa hiyo mjomba amesema nusu ya jambo. Ni kweli chini ya 2.0 hakuna digrii. Lakini hiyo 2.0 ni kizingiti cha wastani tu, haifuti D hata moja.

Sasa tazama kwa nini GPA yako inapendeza wakati kozi mbili zimeanguka. Kwa kipimo kinachotumiwa na vyuo vyetu vingi, A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1 na E 0. Unazidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, unajumlisha, unagawa kwa krediti zote. Zako ni hivi: A inaleta 50, B+ mbili 80, B 30, D mbili 20. Jumla 180, gawa kwa 60, unapata 3.0. Umeona? Zile D zimekaa kimya ndani ya hesabu, zimechangia hata pointi 20. GPA haipigi kelele kozi inapoanguka. Ndiyo maana wapo wanafunzi wanaofika mwaka wa nne wakiwa na 3.4 kisha wanashtuka kuambiwa hawamo kwenye orodha ya wahitimu.

Ukifaulu sapu zote mbili, daraja utakaloandikiwa kwa kawaida ni C, hata ukipata 85. Hiyo ndiyo adhabu ya sapu. Semista yako itakuwa na pointi 200, yaani 3.33. Kwa jumla ya miaka miwili, krediti 240 kwa 3.1 ni pointi 744. Ongeza 20, unapata 764, ambayo ni 3.18. Hapo angalia kanuni za chuo chako, kwa sababu vipo vyuo ambavyo havikadirii kwenda juu, vinakata tu baada ya desimali moja. Kwa vyuo hivyo 3.18 inaandikwa 3.1. Ndivyo 3.49 inavyoandikwa 3.4 na mtu akakosa daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, kwa unywele.

Je, hiyo 3.5 bado inafikika? Inafikika, lakini usidanganyike kwamba ni rahisi. Krediti 480 mara 3.5 ni pointi 1,680. Ukitoa 764 ulizonazo, zinabaki 916 za kutafuta kwenye krediti 240 zilizobaki. Hiyo ni wastani wa 3.82 kwa miaka miwili mfululizo, maana yake B+ karibu kila kozi, na kila B ifidiwe na A. Wapo wanaoweza, hasa kwa sababu mwaka wa nne una mradi na kozi za fani ambazo mtu huzipenda. Hata hivyo huwezi kuzikimbiza alama hizo huku umebeba Hisabati mgongoni.

Hapo ndipo tunafika kwa rafiki yako. Kubeba kozi ni ruhusa ya kuendelea na mwaka unaofuata ukiwa na deni. Deni lenyewe halijasamehewa. Ukianguka sapu, kozi hiyo utaisoma tena itakapofundishwa, na mara nyingi ni baada ya mwaka mzima, kwa sababu kozi nyingi za uhandisi hufundishwa semista moja tu kwa mwaka. Utafanya majaribio yake upya na mtihani upya, juu ya mzigo wa mwaka wa tatu. Ratiba haikupangwa kwa ajili yako. Kipindi cha Hisabati cha mwaka wa pili kinaweza kugongana na maabara ya mwaka wa tatu Jumatano asubuhi, na huwezi kuwa sehemu mbili. Vyuo vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75 ili uruhusiwe kufanya mtihani, kwa hiyo mgongano huo unaweza kuzaa deni jingine. Halafu kuna ukomo: digrii ya miaka minne ina muda wa mwisho wa kukaa chuoni, mara nyingi miaka sita. Na mitaala hupitiwa upya kila baada ya miaka michache. Kozi uliyoibeba inaweza kubadilishwa jina, kugawanywa au kufutwa. Ikitokea, usiridhike na maneno ya mtu wa ofisini. Idara ikupe kwa maandishi ni kozi ipi mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani.

Kwa upande wako kuna jambo la ziada. Kozi hizo mbili zimeshikana na nyingine zinazokuja. Uhamishaji wa joto wa mwaka wa tatu unaanza na sentensi hii: joto hupotea kwa kasi inayolingana na tofauti ya halijoto. Ukitaka kuigeuza sentensi hiyo kuwa jibu la “boila itapoa kwa dakika ngapi”, unahitaji kalkulasi, na unahitaji kujua nishati inakaaje ndani ya mvuke. Hisabati na Thamodainamiki, zote mbili. Katika baadhi ya programu huruhusiwi hata kujiandikisha kozi ya mbele kabla ya kufaulu ya nyuma. Kwa hiyo deni la krediti 20 linaweza kuwa deni la mwaka.

Basi, sapu. Kabla hujafungua daftari, tafuta mchanganuo wa alama zako. Vyuo vingi hugawa 40 kwa mazoezi na majaribio ya semista na 60 kwa mtihani wa mwisho. Hiyo 38 ya Hisabati imeundwaje? Kama ni 12 za ndani na 26 za mtihani, inawezekana kabisa kuna jaribio ambalo alama zake hazikuingizwa. Jambo hilo hutokea mara nyingi, hasa kwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi. Jaribio moja la alama 15 lililosahaulika linaweza kukutoa 38 hadi juu ya 45, na sapu inakufa yenyewe. Kama una karatasi za majaribio zilizosahihishwa, zipige picha na uzipeleke kwa mratibu wa mitihani wa idara wiki hii. Rufaa na marekebisho ya matokeo vina siku zake, zikipita hakuna wa kukusikiliza. Lakini kama ni 26 za ndani na 12 za mtihani, tatizo ni lako: unaelewa ukiwa na muda na wenzako, ukikaa peke yako saa tatu unapotea. Dawa ya hapo ni kufanya mitihani ya nyuma kwa saa, mezani, bila simu. Kusoma noti upya hakutakusaidia. Uliza pia kama kwenye sapu alama za ndani zinahesabiwa. Kuna vyuo ambavyo karatasi ya sapu inasimama peke yake, na huyo mwenye 26 mfukoni anashangaa kukuta hazimo.

Muda unaohitaji unaweza kuukadiria. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, maabara, mazoezi na kujisomea vyote ndani. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Wanafunzi wengi huhudhuria mihadhara ya saa 40 au 45 wakadhani wameimaliza kozi. Zile saa 50 na zaidi za kujisomea hawajazigusa, na huko ndiko alama zilikobaki. Kwa sapu hurudii saa 100 zote. Tenga kama saa 50 kwa kila kozi. Wiki nane za PT, saa mbili kila jioni siku tano za kazi, unapata saa 80. Ongeza saa tatu kila Jumamosi, umevuka 100. Kwa hiyo PT na sapu zinakaa pamoja. Huhitaji kuiua moja ili nyingine iishi.

Sasa mhuri wa mjomba. Kwetu Kusini mjomba si mtu wa kukataliwa hivi hivi, najua. Lakini ombi lake lina shida mbili. PT ni mstari kwenye ile orodha. Ina alama zake, na tofauti na kozi ya darasani, kwa kawaida haina sapu: ukianguka unairudia likizo ndefu inayofuata. Programu nyingi za uhandisi za miaka minne zina PT tatu, baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ukiharibu ya pili, utajikuta umemaliza mwaka wa nne na wenzako wanavaa majoho, wewe unatafuta nafasi ya wiki nane. Shida ya pili ni kubwa zaidi: msimamizi kutoka chuoni huja kukagua, mara nyingine bila kutoa taarifa mapema. Akikukosa karakanani huku fomu imesainiwa kwamba upo, jina la kosa hilo ni udanganyifu wa kitaaluma, na hapo ndipo kweli mtu anafukuzwa chuo. GPA haikusaidii mbele ya kosa hilo.

Usimkatalie mjomba. Mwambie unakuja kweli. Karakana yake, kwa mwanafunzi wa uhandisi mitambo mwenye sapu ya Thamodainamiki, ni mahali pazuri kuliko anavyodhani mwenyewe. Ila kabla ya Jumatatu tuma jina la karakana, anwani, shughuli zake na sifa za fundi mkuu kwa mratibu wa PT wa chuo, apate kukubali kwa maandishi. Kwa kuwa mwenye karakana ni ndugu yako, omba anayekusainia awe fundi mwingine, ikiwezekana mwenye stashahada ya ufundi. Chuo kikisema karakana haifai, usibishane. Mtwara na Lindi kuna sehemu nyingine: karakana za TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, ambao pia wanaendesha vivuko vya Msangamkuu na Kitunda, pampu za mamlaka za maji, TANESCO, bandari ya Mtwara, kiwanda cha saruji cha Dangote, mitambo ya kuchakata gesi ya Madimba, na Songo Songo kule Kilwa. Tatizo la hizo kubwa ni kwamba nafasi huombwa Februari au Machi. Barua ya mwezi wa saba inakuta meza imejaa.

PT ya pili kwenye karakana ndogo huanguka kwa sababu ya logibuku, daftari la kazi za kila siku, kuliko sababu nyingine yoyote. Mwanafunzi anaandika “Leo tumetengeneza mashine ya kubangua”, siku arobaini mfululizo, halafu anashangaa alama 45. Mkaguzi anataka kuona ulipima nini, uliamua nini na kwa nini. Chukua ile mashine ya kubangulia ya mkono na mguu: korosho inakaa kati ya visu viwili, kanyagio linavileta pamoja vikate ganda, mkono unasokota ganda lifunguke. Kokwa nzima ina bei kuliko iliyovunjika, kwa hiyo kazi ya fundi inapimika. Andika hivi, kwa mfano: “Jumanne. Mashine namba 3. Kabla ya matengenezo: korosho 50 za saizi moja, kokwa 19 zimevunjika, asilimia 38. Kisu cha juu kimeliwa upande wa kushoto, nafasi kati ya visu haiko sawa. Kisu kimenolewa na kupangwa upya. Baada ya matengenezo: 8 kati ya 50, asilimia 16.” Chini yake mchoro wa visu, umeandikwa vipimo kwa milimita. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unashinda wiki nzima ya “tumetengeneza mashine”. Kumbuka kutenganisha korosho kwa saizi kabla ya kupima, la sivyo unapima mchanganyiko wa korosho badala ya kisu. Na vaa glavu: mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi.

Mwezi wa nane na wa tisa msimu wa korosho bado haujafunguka. Wakulima wanamalizia kupuliza salfa na mzigo mpya unaanza kuingia kuelekea mwezi wa kumi. Kwa mwanafunzi wa biashara hiyo ni bahati mbaya. Kwako ni bahati njema, maana ndio wakati wabanguaji wanaleta mashine na boila zifanyiwe matengenezo, na unazikuta zimefunguliwa matumbo.

Boila ndiyo itakayokufaulisha sapu. Kosa linaloua watu kwenye karatasi za Thamodainamiki si falsafa ya entropia, ni kusoma jedwali la mvuke vibaya. Geji ya boila ikionyesha 6 bar, hiyo ni shinikizo juu ya lile la hewa inayotuzunguka. Jedwali linataka shinikizo kamili. Pwani kama Mtwara ongeza karibu bar 1, ingia kwenye mstari wa 7 bar, na utakuta mvuke uko nyuzi 165 za Selsiasi. Ukiingia na 6 kama ulivyoisoma, unapata takriban 159, na kuanzia hapo kila jibu la swali lenye vipengele vitano limepotoka. Ukiwa karakanani, kila siku boila inapowashwa andika usomaji wa geji, ubadilishe kuwa shinikizo kamili, tafuta halijoto kwenye jedwali, kisha linganisha na kipimajoto kama kipo. Kama havikubaliani jiulize kwa nini: geji imechoka, kuna hewa imebaki ndani haijatolewa, au kipimajoto kimefungwa mbali na mvuke. Baada ya wiki mbili za zoezi hilo, swali la jedwali halitakutisha. Jambo moja la usalama nalo liingie kwenye ripoti: boila ni chombo cha shinikizo na inapaswa kukaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Uliza cheti chake kilipo, na uangalie vali ya usalama haijafungwa kwa waya. Ukikuta imefungwa, kaa mbali na boila hiyo na mwambie mjomba siku hiyo hiyo.

Hisabati haina njia ya mkato kama hiyo. Ila kwa wanaopata 35 hadi 39, tatizo mara nyingi liko nyuma ya kalkulasi yenyewe: kugawa sehemu za aljebra, logi, na trigonometria ya kidato cha tano. Fanya jaribio hili jioni ya kwanza: chukua mtihani uliofanya, weka alama mahali ulipokosea, utenganishe “sikujua njia” na “njia niliijua, aljebra ikanivunjikia”. Kama la pili ni zaidi ya nusu, tumia wiki mbili za kwanza kwenye vitabu vya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) vya sekondari bila aibu. Maktaba za mkoa za Mtwara na Lindi zina utulivu ambao nyumbani pengine hupati, na mwalimu wa Hisabati wa shule yenye PCM iliyo jirani anaweza kukufaa kuliko rafiki wa chuo ambaye naye ana sapu.

Kozi za hiari zisikupotezee muda. Krediti za hiari hazilipi deni la kozi ya lazima, hata ukiwa nazo 30 za ziada. Zinahesabiwa kwenye kapu lao tu. Tofauti ni upande wa pili: ukianguka kozi ya hiari, vyuo vingi vinakuruhusu kuiacha na kuchukua nyingine. Cha kuhakikisha ni kwamba hukujaza nyepesi nyepesi za mwaka wa kwanza wakati programu inadai kiasi fulani cha hiari za fani mwaka wa tatu na wa nne.

Kuhusu kuhamia sayansi ya miaka mitatu, nitakueleza faida na hasara, halafu maoni yangu. Digrii ya miaka mitatu ina krediti 360, na kwenye karatasi unaweza kuona umeshamaliza 240. Lakini chuo hakipokei krediti zote za programu nyingine. Kinapokea zile zinazolingana na kozi zake, na michoro ya mashine au kazi za karakana hazilingani na chochote kwenye digrii ya sayansi, tuseme ya Fizikia. Yawezekana ukaanzia mwaka wa pili, pengine wa kwanza. Kwa hiyo “haraka” inaweza kuwa miaka miwili au mitatu mingine, sawa na uliyobakiza kwenye uhandisi au zaidi. Mkopo nao una masharti yake mtu anapobadili programu au kurudia mwaka; kama unafadhiliwa na HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, usisaini fomu ya kuhama kabla ya kuonana na afisa mikopo wa chuo. Tena, ukikimbilia Fizikia ili kuiepuka Hisabati, umekimbilia nyumbani kwake. Kuhama kuna maana kwa mtu ambaye moyo wake haupo kwenye mashine, anayependa kufundisha, maabara au takwimu. Kwa mtu mwenye A moja, B+ mbili na B moja kwenye semista ngumu ya uhandisi, mimi sioni sababu.

Kuna kingine cha kupima kabla ya kuhama. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, humsajili mhitimu kama mhandisi mhitimu kwa kutazama kama digrii yake ni ya uhandisi na inatambuliwa. Digrii ya Fizikia, hata ya daraja la kwanza, haikufikishi huko. Na hawaanzi na GPA: mwenye 2.8 ya uhandisi unaotambuliwa anaingia mlango huo, kisha anafanya kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, kabla ya kuomba uhandisi mtaalamu. Mpango wa SEAP wa bodi hiyo ulianza mwaka 2003 kwa ajili ya kuwapitisha wahitimu kwenye miaka hiyo. GPA inakuja kudai haki yake kwingine. Shahada ya uzamili mara nyingi inataka angalau 2.7, na nafasi ya kufundisha chuo kikuu kuanzia 3.8. Wewe mwenyewe unajua unakotaka kufika, kwa hiyo pima kama ile hesabu ya 3.82 inastahili usingizi wako.

Mambo mengine siwezi kuyaamua nikiwa mbali, kwa sababu kanuni za mitihani zinatofautiana chuo na chuo, na hata kati ya mwaka mmoja wa kuingia na mwingine. Tafuta prospektasi na kanuni za mwaka *ulioingia* wewe, si za waliokutangulia. Chora jedwali la semista nane, uandike kila kozi ya lazima, krediti zake na daraja ulilopata. Panapobaki wazi ndipo deni lako lilipo. Jedwali hilo lipeleke kwa mkuu wa idara au mshauri wako wa kitaaluma, akuthibitishie kwa maandishi, baruapepe inatosha. Nenda ana kwa ana bila kuchelewa kama mchanganuo wa alama una pengo, kama tarehe ya sapu inaangukia ndani ya wiki nane za PT, kwani hapo unahitaji barua ya ruhusa ya siku hizo ambayo mratibu wa PT na msimamizi wa karakana wote wanayo, au kama hofu hii imeanza kukunyima usingizi na chakula. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi ipo kwa hilo na hawatakuandikia kosa. Ukiugua kabla ya sapu, nenda hospitali ya Sokoine ukiwa Lindi au ya Ligula ukiwa Mtwara, upate cheti cha daktari, na barua ya kuahirisha mtihani ifike chuoni *kabla* ya siku ya mtihani. Mtu aliyekwisha kuingia chumba cha mtihani akiwa mgonjwa, akaanguka, kisha akaleta cheti wiki ya pili, karibu kila mara huambiwa matokeo yamesimama.